Zipu Mgongoni mwa Zimwi: Majibu Kuhusu Filamu za Kudhihaki Hofu

Maswali ya safari hii yanahusu filamu za dhihaka zilizotengenezwa kwa fedha kidogo, yaani zile zinazoiga mizuka, mazimwi na wauaji wa filamu za kutisha kwa nia ya kuwafanyia mzaha. Nimeyafupisha pale yalipokuwa marefu.

Swali: Kwa nini wasio na fedha hukimbilia kudhihaki filamu za kutisha, na si za vita au za mapenzi?

Kwa sababu filamu ya kutisha yenyewe haidai mengi. Nyumba moja, usiku mmoja, vijana watano na mlango unaolia vinatosha, na giza husitiri upungufu wa mandhari. Juu ya hayo, kanuni zake zinajulikana na karibu kila mtu: taa itazimika, simu haitapata mtandao, na hakosekani mmoja wa kusema kwamba watawanyike ili watafute kwa haraka zaidi. Mzaha unaojengwa juu ya kanuni zinazojulikana hauhitaji maelezo, na maelezo ndiyo huua mizaha mingi.

Hata hivyo, habari ya gharama ina vituko vyake. Paranormal Activity ya mwaka 2007 ilipigwa kwa takribani dola 15,000 za Marekani, ilhali A Haunted House ya mwaka 2013, iliyoidhihaki, iligharimu karibu dola milioni 2.5. Aliyeiga alitumia zaidi ya mara 160 ya alichotumia aliyeigwa, na bado kazi yake ikahesabiwa kuwa ya bajeti ndogo.

Swali: Nikiona zipu ya vazi mgongoni mwa zimwi, nicheke au nidai kiingilio changu?

Watazame waigizaji kwanza. Ikiwa wanalikimbia zimwi hilo huku jasho likiwatoka na sauti zikiwakauka, cheka bila wasiwasi, kwa kuwa zipu imekwisha kuwa sehemu ya ulimwengu wao. Ikiwa wanatabasamu pembeni kana kwamba wanakuomba radhi, dai kiingilio chako. Katika The Lost Skeleton of Cadavra ya mwaka 2001, inayoiga filamu za bei rahisi za miaka ya 1950, mifupa inayoendeshwa kwa nyuzi inatoa amri kama mfalme, na hakuna mhusika anayeonekana kujua kwamba kuna nyuzi. Utulivu huo wa uso haununuliwi kwa fedha, na ndio unaoshinda.

Ubovu usiokusudiwa nao una siku zake. Wakati wa kupiga Attack of the Killer Tomatoes ya mwaka 1978, kisa cha nyanya zinazoua watu, helikopta ya kukodi ilianguka kweli mbele ya kamera, waliokuwemo wakanusurika, na watengenezaji wakaiingiza ajali hiyo ndani ya filamu. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo picha ya kukumbukwa kuliko zote humo, jambo ambalo si sifa nzuri kwa dakika zilizobaki.

Swali: Mbona nyingi huchekesha dakika 20 za mwanzo, kisha huchosha?

Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa kuliko wote, na fedha si za kulaumiwa. Mwandishi hupata mzaha mmoja mzuri, akauvuta kama mpira hadi ufikie urefu wa filamu nzima. Mzaha wa dakika tano unaweza kuishi bila mhusika. Wa dakika 90 unamhitaji mtu ambaye mtazamaji anataka kujua yatakayompata. Jingine ni tabia ya kuitaja filamu nyingine na kudhani kwamba kuitaja ndiko kuidhihaki. Kinyago maarufu kikipita kwenye skrini, ukumbi hucheka kwa furaha ya kukitambua, wala si kwa sababu kuna lolote lililosemwa juu yake, na kinyago kile kikisahaulika, onyesho hubaki tupu.

Mfano wa kinyume ni One Cut of the Dead, filamu ya Kijapani ya mwaka 2017 iliyoongozwa na Shinichiro Ueda kwa takribani yeni milioni 3. Inaanza kwa dakika 37 zisizokatwa hata mara moja, kuhusu kundi la wapiga filamu linalovamiwa na mazombi wa kweli. Dakika hizo zinaonekana mbovu: waigizaji wanaulizana habari zisizohusiana na hatari iliyo mlangoni, mazungumzo yanakwama, na kuna mahali kamera inalala chini kwa muda kama kitu kilichosahauliwa. Asiye na subira ataondoka hapo. Atakayebaki ataonyeshwa baadaye, kwa namna ambayo sitaisimulia, kwamba kila kosa lina chanzo chake na mtu aliyehangaika kulifunika. Yale yale yaliyokera yanarudi yakichekesha, kwa kuwa sasa unawajua wanaoyatenda. Filamu iliingiza zaidi ya yeni bilioni 3. Sidhani kwamba bajeti nono ingeisaidia. Ingeyafuta makosa ambayo ndiyo hadithi yenyewe.

Swali: Je, ni lazima niwe nimeiona filamu inayodhihakiwa?

Si lazima, na ukiona ni lazima, kosa ni la filamu. Young Frankenstein ya mwongozaji Mel Brooks, ya mwaka 1974, haikuwa ya mafukara, lakini ni kipimo kizuri. Haina rangi, na ilitumia mitambo ya maabara iliyotengenezwa kwa ajili ya Frankenstein ya mwaka 1931. Mjuzi hufurahia hayo. Asiyeyajua hufuata tu kisa cha daktari anayeukana ukoo wake.

Swali: Sisi ni marafiki watano wenye kamera moja. Fedha zetu kidogo tuzielekeze wapi, na zikituishia katikati tufanyeje?

Zielekezeni kwenye sauti. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza, lakini mzaha usiosikika ni sawa na usiokuwepo. Baada ya hapo, shughulikieni muda, kwa kuwa hofu na kicheko vyote hutegemea kusubiri: mlango ukifunguka sekunde moja mapema hakuna anayeshtuka, na jibu likichelewa sekunde moja hakuna anayecheka. Haririni tukio moja hata mara kumi, kisha mlionyeshe kwa watu wasio na sababu ya kuwapendelea. Vifaa mtajitengenezea. Mwongozaji Peter Jackson alipiga Bad Taste, iliyotoka mwaka 1987, kwa takribani miaka minne ya mwisho wa wiki, akioka vinyago katika jiko la mama yake. Muziki wa filamu mnayoidhihaki msiuchukue hivi hivi, kwa sababu sheria za hakimiliki hutofautiana baina ya nchi na nchi; tungeni wenu unaofanana nao.

Ama kuhusu kuishiwa, waliotengeneza Return of the Killer Tomatoes ya mwaka 1988, ambamo George Clooney kijana anaigiza, waliligeuza kuwa mzaha. Katikati ya hadithi upigaji unasimamishwa kwa kuwa fedha zimekwisha, wanakubaliana kutangaza bidhaa, na kuanzia hapo wahusika wanaendelea kupambana na nyanya huku wakihakikisha kwamba majina ya bidhaa hizo yanaelekea kamera.