Mchungaji na vitabu vya mila: niliyoyaona Rungwe

Kijana wetu wa Busokelo ameuliza kama ni halali kwa mtumishi wa Mungu kusoma vitabu vinavyoeleza mila za Wanyakyusa, kwa kuwa mzee mmoja wa kanisa amemwambia kwamba Biblia inatosha na vingine vyote ni kumfungulia shetani mlango. Nimekuwa mchungaji wa Kimoraviani upande huu wa Tukuyu kwa zaidi ya miaka ishirini, na nilianza kazi nikiwa na msimamo wa mzee huyo.

Katika mwaka wangu wa kwanza alifariki baba mmoja mwenye ukoo mkubwa, nami nikakataa kuongoza ibada ya mazishi mpaka ngoma zote ziondolewe uani. Zikaondolewa, nikarudi nyumbani nikijiona mshindi. Miezi michache baadaye mwana wa marehemu alinijia usiku, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kukosa usingizi kwake, na maneno aliyokuwa akijisemea peke yake shambani, vilitokana na taratibu tulizozikatiza. Nilimsomea Zaburi, tukaomba, akaondoka na hofu ile ile aliyokuja nayo, kwa maana nilikuwa nimeombea jambo nisilolijua.

Nililijua baadaye, tena kwa kitabu. Mwanaanthropolojia Monica Wilson alifanya utafiti kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930, pamoja na mumewe Godfrey, na mwaka 1957 akachapisha kitabu kuhusu taratibu za ukoo, yakiwemo mazishi. Nilikiazima, nikakisoma kwa taabu huku kamusi ya Kiingereza ikiwa magotini. Humo nilikuta kwamba wazee wa wakati ule waliamini mfiwa asiyetimiziwa taratibu zake anaweza kupatwa na wazimu, na kwamba uchezaji wa wanaume wenye mikuki msibani ulikuwa ndio maombolezo yenyewe. Mimi, mzaliwa wa huku, nilikuwa nimeuita sherehe.

Anayesema Biblia inatosha aifungue Matendo 17, amwone Paulo akizunguka Athene na kuzitazama ibada za watu wale kabla ya kuwahubiria, kisha akitumia maneno ya watunga mashairi wao wenyewe. Tena katika 2 Timotheo 4:13, akiwa kifungoni, anaagiza aletewe joho na vitabu, hasa vile vya ngozi. (Nami kwa mvua za Tukuyu nimelielewa vizuri hilo joho, vitabu vyangu navyo huota ukungu nisipovianika kila jua linapotoka.)

Hata hivyo kitabu si msahafu. Bibi mmoja wa ushirika wetu, nilipomsimulia niliyoyasoma, alicheka na kusema kwamba kwao Mwakaleli mambo kadhaa hayakufanywa hivyo, na kwamba huyo mama Mzungu huenda aliwauliza wanaume zaidi. Sikuwa na la kumbishia. Wala kuielewa mila si kuikubali: suala la kurithi wajane nalikataa mpaka leo, na nimegombana nalo na watu ninaowaheshimu sana. Lakini sasa nalikataa baada ya kukaa na ukoo na kuuliza mjane atalimiwa na nani, watoto watasomeshwa na nani, kwa sababu desturi ile ilikuwa imebeba mzigo ambao sisi kanisani tuliutupa chini bila kuuokota.

Kwa hiyo, mwanangu, soma. Usibishane na mzee wa kanisa mbele za watu; mwendee nyumbani kwake, umwombe akueleze msiba wa babu yake ulivyokuwa, naye atazungumza mpaka giza liingie. Yule mwana wa marehemu nilimwendea tena baada ya kukimaliza kitabu. Safari hii nilimwita na mama yake na baba zake wadogo, tukaketi mgombani karibu na kaburi, nikaitaja ile hofu kwa jina lake kabla ya kuomba. Mama yake aliniuliza tu kwa nini sikuwauliza mwaka ule.