Jibu: Tarehe za mzigo wa viazi Uyole zinageuka kwenye Python

Mkuu, umeuliza kwa nini siku na mwezi vinabadilishana Python (lugha ya kuandikia programu) inaposoma tarehe za mzigo wako. "03/04/2024 saa 2:30 usiku" inasomeka Machi 4 badala ya Aprili 3 kwa sababu umeandika %m/%d/%Y, yaani mwezi/siku/mwaka. Weka %d/%m/%Y (angalia, %M kubwa ni dakika). Ubaya wa kosa hili ni kwamba linanyamaza mpaka ifike tarehe 13, ndipo ValueError (ujumbe wa kosa, maana hakuna mwezi wa 13) inatokea.

Saa zetu ni kazi nyingine. Strptime (amri ya Python inayogeuza maandishi kuwa tarehe) haijui "usiku". Litenge neno hilo, chukua saa % 12 (baki ya kugawa saa kwa 12), kisha ongeza 6 kwa asubuhi na mchana, 18 kwa usiku: yako inakuwa 20:30. Jumlisha saa hizo kwenye tarehe kwa timedelta (kipimo cha muda cha Python), maana saa 7 usiku inatoa 25 na datetime (aina ya Python ya tarehe na saa) inaikataa. "Jioni" ishughulikie peke yake: saa 11 ni 17:00, saa 12 ni 18:00.