Je, mtutu mnene ndio unaolenga vizuri?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Marehemu baba ameniachia bunduki ya risasi za aina ya .30-06 yenye mtutu mwembamba, na taratibu za umiliki nimekwisha kuzikamilisha polisi. Nikipiga shabaha ya mita 100, risasi tatu za kwanza hukaa pamoja. Ya nne na ya tano hupanda juu kulia. Rafiki yangu anasema niiuze, nitafute yenye mtutu mnene. Ni kweli? – Msomaji, Tabata Segerea.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiiuze. Nimekuwa fundi silaha jeshini miaka mingi, na bunduki inayokuwekea risasi tatu mahali pamoja naiheshimu sana. Yako inasumbuliwa na joto, na pengine na ubao wake, yaani ile mbao inayoubeba mtutu.

Baruti ikiwaka, mtutu wote hutikisika kabla risasi haijatoka mdomoni. Mwembamba hucheza kama ufito, mnene hutulia kama boriti. Na tofauti ni kubwa kuliko macho yanavyodhani: kwa tundu la inchi .30, kama la bunduki yako, na urefu uleule, mtutu wenye kipenyo cha milimita 22 ni mkakamavu karibu mara 5 kuliko wa milimita 15. Ufupi nao husaidia, ingawa risasi hupungukiwa kasi. Lakini kutikisika si dhambi, maadamu kila risasi inakuta mtikisiko uleule. Ndiyo maana tatu zako za mwanzo zinakubaliana.

Kwenye ya nne mambo hubadilika. Chuma chembamba hushika moto upesi, na kama kilibaki na mkazo ndani tangu kiwandani, kikipanuka hujipinda kidogo. Hapo ndipo risasi zinapohama, tena mara nyingi kuelekea upande mmoja, kama zako. Mtutu mnene una chuma kingi cha kumeza joto, hivyo huchelewa kufika huko. Ila ukishawaka, kupoa kwake nako ni shughuli.

Sasa ubao. Hapa Dar, na unyevu huu wa bahari, hasa wakati wa masika, ubao wa bunduki hunywa maji na kuvimba. Toa risasi zote, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, ni tupu, kisha chukua noti ya elfu mbili, ipitishe chini ya mtutu kati ya chuma na ubao, uivute taratibu kuelekea kwenye chemba. Ikikwama njiani, ubao unausukuma mtutu mahali hapo, na mtutu ukipata moto msukumo unabadilika. Usikwangue mwenyewe kwa kisu. Mpelekee fundi mwenye kibali, kwa sababu baadhi ya bunduki zimeundwa makusudi ziguse karibu na ncha ya ubao.

Uzito ni habari nyingine, nao una faida ya kweli: bunduki nzito haiyumbi ovyo mkononi na hupunguza teke lake begani. Wapigaji wa bunduki ya hewa kwenye Olimpiki, mita 10, hawana joto la baruti la kuwasumbua, lakini wanaruhusiwa bunduki hadi kilo 5.5, na wengi hupenda kukaribia hapo. Wao lakini hawatembei nayo. Ukiibeba porini kutwa nzima, unafika kwenye mnyama mikono imechoka, na ule utulivu ulioununua haupo tena. Kwa mwindaji anayepiga risasi moja, pengine mbili, mtutu mwembamba wa baba yako unatosha kabisa.

Jumamosi ijayo piga tatu, fungua bolti (komeo linalofunga chemba), iache bunduki kivulini mpaka uweze kuushika mtutu bila kuhisi moto, halafu piga tatu nyingine kwenye karatasi ileile. Tumia risasi za boksi moja. Zikikaa zote sita pamoja, umeshapata jibu. Zisipokaa, kagua skrubu za darubini na za ubao, kisha mwombe fundi autazame mdomo wa mtutu: mkwaruzo mdogo pale hupotosha risasi hata kama mtutu ni mnene kiasi gani.