Jibu: Waipsi zinamchubua mtoto?

Dada wa Ilemela, umeuliza kama waipsi, vile vitambaa vyenye unyevu vya kumfutia mtoto, ndizo zimemletea mwanao wa miezi miwili wekundu makalioni. Inawezekana. Geuza pakiti usome yale maandishi madogo: ukikuta methylisothiazolinone au parfum, ziache kwanza. Hiyo ya kwanza huzuia bidhaa isiharibike, ila ngozi za wengine huiwakia vibaya. Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku kwenye vipodozi vinavyobaki kwenye ngozi bila kusuuzwa tangu 2017. Parfum ni manukato tu, na kachanga kanamnukia nani?

Mimi wangu nilimsafisha kwa pamba na maji ya uvuguvugu, basi. Kanga kuukuu iliyokatwa vipande ni laini kuliko vyote, mradi uifue na kuianika juani. Maji ya ziwani usiyatumie mabichi, kichocho hupenya kwenye ngozi, yachemshe, yapoe. Kama ni wa kike, mfute kutoka mbele kwenda nyuma. Mkaushe kwa kugusagusa, usisugue, kisha vaselini kidogo isiyo na harufu. Waipsi nilibaki nazo za safari, kwenye feri ya Kamanga utachemshia wapi maji?

Ukiona malengelenge au usaha, mpeleke kliniki, usisubiri.