Data za huduma yako zikae /var/lib, usinifuate mimi nilikopita

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia. Ametengeneza huduma yake ya kwanza kwenye Linux, yaani programu inayojiendesha yenyewe kwenye seva, ya kupokea oda za wateja, na inagoma kuandika faili ndani ya folda la /var/lib kwa sababu haina ruhusa. Akauliza: "Kaka, nikiziweka /var/tmp kuna shida? Nimeona huko inakubali, na mashine ikizimwa hazipotei."

Nilisoma ujumbe ule mara mbili. Lilikuwa swali langu mwenyewe la miaka minne iliyopita, ila mimi sikumuuliza mtu. Nilijijibu, nikaona nimepata.

Wakati ule nilikuwa nimepata mteja wangu wa kwanza wa maana hapa Mwanza, mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Saruji, nondo, mabati. Nusu ya mauzo yake ni ya mkopo: fundi anachukua mzigo leo, analipa akilipwa na mwenye nyumba. Nikamwandikia programu ya kutunza madeni. Ilikaa kwenye seva ndogo dukani, ikajiwasha yenyewe kila umeme unaporudi, na kila mdaiwa alikuwa na faili lake. Akija mtu kulipa, faili lake linafunguliwa, kiasi kinapunguzwa, basi. Niliipenda kazi ile na bado ninaipenda. Watu watatu walinipa kazi kwa kuiona tu pale kaunta.

Mafaili yalikaa /var/tmp/madeni. Programu haikukimbia kama root, yule mtumiaji mkuu mwenye ruhusa zote, hilo nilikuwa nimejifunza, kwa hiyo /var/lib ilinikatalia. /tmp niliijua kuwa Debian, ile aina ya Linux niliyotumia, inaifuta kila mashine inapowaka. /var/tmp ilikuwa wazi kwa kila mtumiaji na haifutwi mashine ikiwaka upya. Miaka minne hakikupotea kitu, hata deni la mfuko mmoja wa saruji.

Oktoba 2025 ile mashine ilichoka. Nikamletea mpya, nikaweka Debian 13 safi, nikahamisha kila kitu kwa rsync, programu ya kunakili mafaili. Mwezi wa kwanza, salama. Wa pili, salama, au ndivyo nilivyodhani.

Januari alinipigia. Alikuwa amekaa na daftari lake la zamani, analinganisha majina na yaliyomo kwenye kompyuta. "Mwanangu," akasema, "wanaolipa wote wapo. Wasiolipa ndio hawapo."

Nilidhani kuna mfanyakazi anafuta. Mungu anisamehe, nilimtaja mtu. Nikaketi usiku kucha nikipekua logi, na karibu na alfajiri nikaelewa. Mashine iliyowekewa Debian 13 upya ina zoezi la usafi linalopita kila siku. Ndani ya /tmp linaondoa mafaili yaliyokaa siku 10 bila kuguswa, ndani ya /var/tmp siku 30. Bila kuguswa maana yake halijasomwa, halijaandikwa, wala taarifa zake hazijabadilishwa. Fundi anayekuja kupunguza deni kila wiki mbili, faili lake lilisomwa, likabaki. Aliyechukua mabati akapotelea Geita, hakuna aliyelifungua faili lake, na siku 30 zilipotimia likaondoka. Mwezi wa kwanza haukupoteza kitu kwa sababu mafaili yote yalihesabiwa kuwa mapya tangu siku nilipoyanakili.

Programu yangu ilikuwa imefuta madeni sugu tu. Mengine yote iliyahifadhi vizuri.

Na bakapu? Ilikuwapo. Kila usiku ilibeba /etc, /home na /var/lib, kama inavyotakiwa. /var/tmp hakuna anayeibebea bakapu, maana jina lenyewe linasema ni vitu vya muda.

Ile mashine kuukuu ilikuwa bado stoo, ndiyo iliyotuokoa hadi Oktoba. Yaliyofuata tuliyaandika upya kutoka kwenye stakabadhi, siku mbili, yeye akisoma mimi nikiingiza. Machache hatukuyapata. Sikumdai malipo ya miezi mitatu. Hajaniacha, lakini kila Jumamosi anachapisha orodha ya wadaiwa na kuifungia kabatini, mbele yangu, bila kunificha. Hilo linaniuma kuliko pesa.

Sasa nisikilize, wewe unayetaka watu wakuamini na biashara zao. Mpangilio wa mafolda ya Linux ni makubaliano ya nani ana haki ya kufuta nini. Yameandikwa tangu 1994, na toleo la 3.0 la hati yake, Filesystem Hierarchy Standard, lilitoka 2015. Kilicho /run kinakaa kwenye kumbukumbu ya mashine na hufa nayo ikizimwa. Kilicho /var/cache yeyote anaweza kukifuta, kwa hiyo weka kile tu unachoweza kukitengeneza tena. /var/tmp haipaswi kufutwa mashine inapowaka, lakini hakuna aliyekuahidi kuwa haitafutwa siku nyingine. Mimi nilisoma nusu ya kwanza nikaacha ya pili. /var/lib ndiyo mahali pa data ambayo huduma inaishi kwayo. PostgreSQL kwenye Debian iko /var/lib/postgresql, MySQL iko /var/lib/mysql, hata orodha ya programu zilizowekwa kwenye mashine iko /var/lib/dpkg. Wakubwa wote wanaishi huko. Nawe kaa huko.

Suala la ruhusa lililonishinda mimi na kijana yule lina dawa tangu 2017, toleo la 235 la systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma kwenye Linux. Kwenye faili la huduma yako, chini ya [Service], andika:

User=madeni
StateDirectory=madeni
StateDirectoryMode=0700

Huduma ikiwashwa, systemd inaunda /var/lib/madeni, inampa mtumiaji huyo umiliki, na wengine hawachungulii. Huhitaji root wala chmod 777, ile amri ya kumfungulia kila mtu. Ukitumia SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili, kama ninavyotumia sasa, kumbuka inaunda mafaili mengine kando ya lile kuu, kwa hiyo inahitaji ruhusa ya kuandika kwenye folda zima. Hapo tayari inayo.

Usingoje mteja akupigie. Leo hii ingia kwenye kila seva uliyomwekea mtu, andika find /tmp /var/tmp -type f, usome majina moja moja. Ukikuta kitu ambacho mwenye duka angekililia, simamisha huduma kwanza, ongeza mistari ile mitatu ukiweka majina ya huduma yako, elekeza programu kwenye folda jipya, nakili mafaili na umiliki wake, ndipo uiwashe. Halafu angalia kama bakapu yako inabeba /var/lib, na ujaribu kurudisha faili moja kutoka humo.