Kilo 3 za ziada hazitakuzuia kuchukuliwa na mkondo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina mbizi 26 tangu nipate cheti, zote kwenye maji yaliyotulia. Sasa nimealikwa kuzamia kwenye mlango wa mwamba wa matumbawe, yaani pengo ambamo maji ya bahari huingia na kutoka, ile mbizi ya kujiachia uchukuliwe na mkondo huku boti ikikufuata kwa juu. Kwa kawaida nabeba kilo 6 za risasi (yale madini mazito ya kumshusha mzamiaji), suti ya milimita 3 na mtungi wa alumini wa lita 11. Wazoefu wameniambia niongeze kilo 3 ili nishuke haraka na nisipeperushwe. Zinatosha, au nifikishe 10 kabisa? Na nikiachana na wenzangu, nishike mwamba niwasubiri?

JIBU: Marahaba. Usiongeze hata nusu kilo, na mwamba usiushike. Ningeweza kuishia hapo, ila swali hili nimeulizwa mara nyingi mno, na karibu kila anayeniuliza ameshapewa jibu bovu na mtu aliyezamia mara nyingi kuliko yeye. Hapo ndipo ninapoudhika. Kosa hili wageni hawana habari nalo. Wazoefu ndio wanaolisambaza.

Jani likianguka mtoni na gogo likianguka mtoni, yote mawili yanachukuliwa na maji yaleyale kwa mwendo uleule. Mzamiaji aliyesawazisha uzito wake, asiyepaa wala kuzama, ni hivyohivyo: yumo ndani ya maji, maji yakienda naye huenda, awe amefunga kilo 6 au 16. Risasi inajua kazi moja tu, kuvuta chini. Kwa ubavu haina nguvu yoyote. Ili ikuzuie lazima ikulaze kwenye mwamba uburuzike, yaani ugeuke nanga, na hata hapo mkondo ukiongeza kasi mara mbili unakusukuma kwa nguvu mara 4. Huna kilo za kushindana na hesabu hiyo, na matumbawe utakayoyavunja yalichukua miaka mingi kufika hapo.

Niliwahi kuzama nyuma ya kijana aliyepewa kilo 4 za ziada na wenzake botini bila mimi kujua. Tulikuwa mita 15. Jaketi lake la kuelea lilikuwa limetuna mpaka mikanda inambana kifuani, kichwa juu, miguu chini, kama mtu anayepanda ngazi. Akipiga miguu anapaa. Akipaa anatoa hewa. Akitoa hewa anazama. Akizama mapezi yanakwangua matumbawe ya matawi, na vipande vyeupe vinabingirika kama vigae vya sahani. Kisha anajaza hewa tena. Dakika ya 19 akanionyesha geji ya mtungi: imebaki baa 60 (baa ni kipimo cha shinikizo). Wenzake walikuwa bado na 120. Tulipoanza kupanda ile hewa yote ikatanuka kwa pamoja, nikamshika mguu, tukapanda naye mpaka juu bila kusimama mita 5 kwa usalama kabla ya kutoka. Hakudhurika. Alipofika botini wakamwambia nini? Kwamba mara nyingine aongeze kilo moja, kwa sababu alipaa.

Tazama yanayotokea kwenye zile kilo 3 zako. Ili zisikuzamishe, unahitaji takriban lita 3 za hewa ndani ya jaketi kuzibeba. Ukiwa mita 20, shinikizo ni baa 3. Ukipanda hadi mita 10, shinikizo ni baa 2, na zile lita 3 zimekuwa 4 na nusu. Ukifika mita 5 zimekuwa 6. Yaani ulibeba kilo 3 za kukushusha, na sasa una kilo 3 zinazokupaisha, pale pale ambapo ulitakiwa utulie dakika 3 kabla ya kutoka. Asiyebeba ziada hana lita hizo, kwa hiyo hana cha kutanuka.

Kuna jambo jingine ambalo hao wazoefu hawalijui kabisa, nalo ni kwamba hewa ina uzito. Mtungi wako wa lita 11 ukijazwa baa 200 una lita 2,200 za hewa, na lita moja ni kama gramu 1.2. Utakapokuwa umetumia baa 150, utakuwa umepumua karibu kilo 2. Maana yake unaanza kila mbizi ukiwa na kilo 2 za ziada tayari, hata kama hukuongeza kitu. Uzito wa mzamiaji unapimwa kwa mwisho wa mbizi: mtungi uwe na baa 50, jaketi tupu, uko mita 5, unapumua kawaida, na unakaa hapo bila kushika kitu. Ukiweza, kilo zako zinatosha. Jaribu hivyo kwenye maji yaliyotulia kabla ya safari. Huenda ukagundua 6 zenyewe ni nyingi. Kwa suti ya milimita 3 sitashangaa.

“Lakini sishuki, mwalimu!” Nalijua hilo. Hushuki kwa sababu umeshikilia pumzi. Mtu mwenye woga mdogo moyoni huvuta hewa nyingi na kutoa kidogo, na tofauti kati ya pafu lililojaa na lililotolewa vizuri inaweza kufika lita 3 au zaidi. Kilo 3 unazotaka kununua ziko kifuani mwako, toa pumzi polepole hadi mwisho, utashuka. Ndiyo, kwenye mlango wenye mkondo kundi linahitaji kushuka haraka na kwa pamoja, maana atakayechelewa juu ya maji atapelekwa upande mwingine. Hapo hewa ya jaketi hutolewa yote kabla ya kuruka, na pumzi hutolewa mara unapogusa maji. Hiyo ni kazi ya mazoezi ya asubuhi moja.

Wengine badala ya risasi huwaambia watu wakaze miguu. Mkondo wa noti moja (maili moja ya baharini kwa saa) ni kama mita 31 kwa dakika. Ni mwendo wa mtu anayetembea taratibu, ndiyo maana watu huudharau. Ndani ya maji, mzamiaji mwenye mtungi mgongoni hatamudu kushindana nao kwa muda mrefu, na kuongeza mwendo mara 2 kunadai nguvu mara 8. Kinachofuata ni kuhema. Anayepumua lita 40 kwa dakika juu ya nchi kavu, mita 20 anatumia 120, na kaboni dayoksaidi inayojilimbikiza mwilini humletea hofu ambayo hajui imetoka wapi. Maji hufuata mkondo, nawe uyafuate. Unaporuhusiwa kuogelea ni kuukata mkondo kwa ubavu, kusogea au kuuacha ukuta, basi.

Sasa mlango wenyewe. Maji yakijaa, mkondo unaingia, maji huwa safi, na ukipotea unapelekwa kwenye maji ya ndani yaliyozungukwa na mwamba. Yakipwa, mkondo unatoka, maji huwa na ukungu, na ukipotea unapelekwa bahari kuu. Ndiyo sababu milango maarufu kama Tiputa kule Rangiroa, Polinesia ya Ufaransa, huzamiwa maji yanapoingia. Kwa mbizi yako ya kwanza omba hivyo, tena siku za maji mafu, mkondo unapokuwa dhaifu. Bamvua ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu iache kwa sasa. Na usilisome jedwali la kujaa na kupwa kama saa ya ukutani. Mlango mwembamba unaweza kuendelea kuingiza maji ndani hata baada ya bahari ya nje kuanza kupwa, na mawimbi makubwa yakimwagika juu ya mwamba yanaweza kujaza maji ya ndani mpaka yatoke mlangoni wakati jedwali linasema yanaingia. Muulize nahodha, halafu chungulia mwenyewe. Ukishafika chini tazama samaki wadogo juu ya matumbawe: wote wameelekeza vichwa kule mkondo unakotoka. Wakianza kutawanyika vichwa huku na huku, mkondo unageuka au unazunguka.

Pale mlango unapokutana na ukuta wa nje, maji yanayotoka yanaweza kuporomoka kuelekea chini. Utajua kwa mapovu yako: yanazunguka badala ya kupanda, au yanashuka nawe. Wewe mwenye uzito sahihi utauacha ukuta, utaogelea kwa ubavu kuelekea maji ya wazi, utatia hewa kidogo kwenye jaketi huku jicho liko kwenye kipimo cha kina, na mkondo ukikuachia utaitoa hewa hiyo mara moja. Mwenye kilo 3 za ziada anaanza safari hiyo akiwa ameshazama, jaketi lake limeshatumia nafasi kubeba risasi. Siku hiyo ndipo mtu anaelewa nilichokuwa nakisema, na mimi ningependa aelewe kabla.

Kuhusu kushika mwamba ukiachana na wenzako: fikiri wako wapi. Wao wanakwenda mita 31 kila dakika kwenye mkondo wa noti moja. Ukishika dakika moja, wako mbali kuliko unavyoweza kuona kwenye maji mengi, na hawawezi kurudi. Ukijiachia, unakwenda nao hata kama huwaoni. Basi jiachie, geuka pande zote kwa dakika moja huku ukitazama juu na chini, usipomwona mtu panda taratibu, tuma juu boya la ishara lililofungwa kamba, simama mita 5 dakika 3 ukiwa chini ya boya hilo, toka. Wenzako nao wafanye vivyo hivyo, na mkubaliane botini kabla ya kuvaa. Jingine dogo: karibu na sakafu mkondo huwa hafifu kwa sababu ya msuguano, kwa hiyo anayeng'ang'ania kuwa mita 5 chini ya kundi atajikuta ameachwa nyuma bila kufanya kosa jingine lolote. Kaeni kina kimoja.

Najua kitakachofuata. Ukikataa risasi, utaletewa ndoano ya mwamba. Ina mahali pake. Blue Corner kule Palau, visiwa vya Pasifiki, watu hujifunga nayo kwenye mwamba mfu ili waning'inie kama bendera na kutazama papa. Lakini inadai mtu aliyesawazisha uzito vizuri, anayejua kuifungua kwa mkono mmoja na kuondoka bila kupaa. Ukiifunga kwenye tumbawe hai unalivunja, ukiwa na risasi nyingi unaburuzika, ukishindwa kuifungua umejifunga kamba mwenyewe. Kwa mbizi 26 iache dukani. Na anayekuuzia “kozi ya mkondo” ya saa mbili isiyokufikisha majini, mwache naye.

Nimewaona hawa wa njia za mkato kwa miaka, na dawa yao haibadiliki. Hushuki? Ongeza risasi. Unapaa? Ongeza. Hewa inakwisha mapema? Mtungi mkubwa. Unaogopa? Nifuate mimi tu. Hakuna hata mmoja anayeuliza unapumua vipi. Kiongozi wa mbizi anayekupa risasi kabla hajakuona ukielea ni kama fundi anayepiga msumari kabla hajaona mbao, nawe una haki ya kuivua mbele yake na kuirudisha kwenye kreti. Atanuna. Mwache anune.

Hukuniuliza kuhusu boya, lakini ndilo ningetaka ubebe badala ya hizo kilo. Kichwa cha mtu katika mawimbi ni kama kifuu cha nazi. Nahodha mwenye jua usoni hakioni. Chukua la rangi ya chungwa, refu kuliko mkono wako ulionyooshwa, na rili yenye kamba inayozidi kidogo kina unachotaka kulitumia. Lirushe mara kadhaa kwenye maji yaliyotulia kwanza, maana mara ya kwanza kila mtu hupanda nalo. Hakikisha kamba haijajizungusha kwenye geji, liangalie lilivyosimama, ndipo umwambie nahodha wako ni la rangi gani.