Usihesabu migusano ya 1HHO kabla hujaijenga nzima

Simamisha hiyo skripti kwanza. Umeandika kwamba uko Kisumu, mradi wako wa mwaka wa nne unahusu selimundu, umepakua 2HHB na 1HHO (mafaili ya umbo la himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni: kwenye la kwanza haina oksijeni, kwenye la pili inayo), na usiku huu unataka kuhesabu ni asidi amino zipi zinazogusana himoglobini ikiwa haina oksijeni na ikiwa nayo. Umeuliza kama mpaka wa umbali wa kuhesabu mguso uwe angstromu 4.5 au 8 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), ramani ya migusano uchore kwa programu gani, na kama laptopu ya RAM ya GB 4 itahimili. Wote waliokujibu hapo juu wamebishana kuhusu 4.5 na 8. Hakuna aliyekuuliza jambo la kwanza kabisa: hilo faili la 1HHO umelifungua ukaona lina minyororo mingapi ya asidi amino?

Lina miwili. A na B, basi. La 2HHB lina minne: A, B, C na D. Na himoglobini ya mtu mzima huwa na minyororo minne, alfa mbili na beta mbili, iwe imebeba oksijeni au haijabeba. Kwa hiyo unachotaka kufanya usiku huu ni kulinganisha protini nzima na nusu ya protini.

Faili halijaharibika. Wanaopima fuwele za protini huweka kwenye PDB, hazina ya maumbo ya protini, kile kipande kisichojirudia, kwa kuwa kilichobaki hupatikana kwa kukizungusha kufuata ulinganifu wa fuwele yenyewe. Kwenye 2HHB, iliyochapishwa 1984 kwa usahihi wa angstromu 1.74, kipande hicho ni himoglobini nzima. Kwenye 1HHO, ya 1983 na usahihi wa 2.1, mhimili wa fuwele unapita katikati ya himoglobini, kwa hiyo jozi moja ya alfa na beta inatosha kuandikwa. Jozi ya pili unaipata kwa kuigeuza ya kwanza nusu mzunguko. Maelekezo ya kufanya hivyo yamo ndani ya faili lenyewe, kwenye mistari inayoanza na REMARK 350. Kuna namba za BIOMT hapo, zinazosema kila nakala igeuzwe vipi. Seti ikiwa moja tu, yenye 1 na 0 peke yake, faili liko kamili kwa minyororo iliyotajwa juu yake. Zikiwa seti mbili, kuna nusu haijajengwa.

Mimi na mwenzangu tulilipa pesa za kwetu kuhudhuria mafunzo ya wikendi Nakuru kuhusu haya mambo. Mkufunzi akatuandikia ubaoni: pakua, endesha, chora. Hizo ndizo hatua zote. Tukaendesha skripti yake juu ya mafaili haya haya mawili. Ramani ya 2HHB ikatoka imejaa, ya 1HHO ikatoka na minyororo miwili tu ya kwanza, A na B. Tukamwita mezani, tukamwonyesha. Akasema, bila hata kuinama kuangalia skrini, kwamba oksijeni ikiingia himoglobini inalegea, kwa hiyo migusano kati ya jozi na jozi inakatika. Akaenda meza nyingine.

Sikia kwa nini jibu hilo lilituingia. Kila kitabu cha baiokemia kinasema kwamba oksijeni ikishika chuma kilichomo ndani ya himoglobini, madaraja ya chumvi, yaani vifungo kati ya asidi amino zenye chaji kinyume, yanavunjika. Ni maelezo ya Max Perutz, mwanasayansi aliyegundua umbo la himoglobini, tangu 1970, na ni kweli. Histidini 146 ya beta (yaani asidi amino iliyo nafasi ya 146 ya mnyororo huo) kwenye umbo lisilo na oksijeni imeshikana na aspartati 94 ya beta hiyo hiyo, na ncha yake imeshikana na lisini 40 ya alfa ya jozi nyingine. Oksijeni ikija, hayo yanaachia. Kwa hiyo tulipoona migusano yote kati ya jozi na jozi imetoweka, tuliona kitabu kimethibitishwa. Matokeo ya uongo yalikuwa yamevaa nguo za ukweli. Yangetoka yanapingana na kitabu, tungeyakagua hadi usiku wa manane. Kwa kuwa yalikubaliana nacho, tuliyaandikia sura nzima, tukachapisha bango kubwa, tukatuma muhtasari kwenye kongamano na ukakubaliwa.

Mtahini wa nje aliangalia bango, akauliza kwa upole: kama migusano yote imekatika, himoglobini yenye oksijeni inashikiliwa na nini? Kisha akaomba tumwonyeshe beta ya pili kwenye skrini. Haikuwepo. Muhtasari tukauondoa wenyewe, sura ikaandikwa upya, na mwenzangu akachelewa kuhitimu na ada ya muhula mwingine ikamsubiri. Baba yake alikuwa ameuza ng'ombe kwa ajili ya muhula ule wa kwanza. Simlaumu mtu asiyejua. Namlaumu anayepokea pesa za wanafunzi, anaulizwa swali sahihi, na anatoa jibu la kumaliza mazungumzo. Mistari ya REMARK 350 ingemchukua muda mfupi kuliko hicho alichosema.

Ukweli ni kwamba jozi haziachani. Jozi moja huzunguka takriban digrii 15 ikilinganishwa na nyingine, na migusano hubadilishana. Bila oksijeni, tirosini 42 ya alfa inashika aspartati 99 ya beta ya jozi ya pili. Oksijeni ikishaingia, mguso huo unapotea na badala yake aspartati 94 ya alfa inashika asparajini 102 ya beta. Histidini 97 ya beta, iliyokuwa imekaa kati ya threonini 41 na prolini 44 za alfa, inasogea na kukaa kati ya threonini 38 na 41. Huko ndiko kuna mradi wako. Na hapo hapo una kipimo: ukimaliza kuijenga 1HHO, tafuta 94 ya alfa na 102 ya beta kutoka jozi tofauti. Usipoziona zikigusana, rudi nyuma, bado unahesabu nusu.

Kuijenga kwenyewe kuna mtego. Kwenye ukurasa wa 1HHO, menyu ya kupakua ina umbo la kibayolojia namba 1, yaani molekuli iliyokwisha kujengwa nzima. Chukua lile la mfumo wa mmCIF, minyororo itakuja na majina tofauti: A, B, A-2, B-2. Ukichukua la mfumo wa zamani wa PDB, jozi ya pili inakuja kama modeli ya pili, na majina ni A na B tena. Skripti nyingi, hasa za Biopython (zana za Python za kazi za baiolojia) zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, husoma modeli ya kwanza tu. Utakuwa umepakua faili sahihi na bado unahesabu nusu ile ile. Ikiwa skripti inasoma modeli zote lakini inatambua asidi amino kwa herufi na namba pekee, itachanganya A ya kwanza na A ya pili.

Halafu umesema selimundu. Mafaili yote mawili uliyonayo ni ya himoglobini ya kawaida, yana glutamati pale nafasi ya 6 ya beta, ambapo himoglobini ya selimundu ina valini. Unahitaji 2HBS, ya 1997, usahihi wa 2.05. Na hapa umbo la kibayolojia litakunyima jibu, kwa sababu valini 6 haigusi kitu cha maana ndani ya himoglobini yake. Inaingia kwenye kishimo cha fenilalanini 85 na leusini 88 ya beta ya himoglobini jirani, na hivyo ndivyo nyuzi zinavyoanza kusukwa ndani ya chembe nyekundu ya damu. Faili hilo lina himoglobini mbili. Usizitenganishe, na jenga na majirani wa fuwele pia. Kanuni ni ile ile: jua kwanza ni molekuli zipi zimo mbele yako, ndipo upime umbali. Kwa sisi tunaoishi karibu na ziwa, tunaojua nyumba zenye watoto wanaolia kwa maumivu ya mifupa, mguso huo mmoja unastahili kuhesabiwa sawasawa.

Ule mpaka: 4.5 ukipima kati ya atomi zisizo haidrojeni, 8 ukipima kati ya kaboni beta (hapa alfa na beta ni majina ya atomi ndani ya asidi amino, si minyororo), na glisini utumie kaboni alfa kwa kuwa haina beta. Chagua mmoja, uutumie kwa mafaili yote.

Sasa fungua 1HHO kwa kihariri cha maandishi cha kawaida, tafuta REMARK 350, nakili mistari yake yote na uibandike hapa chini kabla hujaendesha chochote. Niko macho, nitaisoma.